Kumpiga danadana tapeli wa “Windows” bila kujichoma

Swali: “Ninaishi Minneapolis na mama yangu aliyekuja kutoka Mombasa. Haipiti wiki simu ya nyumbani haijalia: mtu anasema yeye ni wa ‘Windows’, kompyuta yetu ina virusi, tumfungulie aitengeneze. Nimechoka kumkatia. Safari hii nataka nimzungushe mpaka achoke yeye. Nianzeje, na ni wapi naweza kujichoma?”

Jibu: Unaweza, na wala huhitaji kompyuta. Wengi hawaliamini hilo, lakini mtu mwenye simu, kiti na kikombe cha chai anaweza kumshikilia tapeli wa namna hii dakika 40 bila kubonyeza hata herufi moja. Wanaojichoma karibu wote ni wale waliozidisha ujanja: walimfungulia kompyuta “ya zamani isiyo na kitu”, au walimtajia anwani ya kubuni kumbe ni nyumba ya mtu, au walishindwa kujizuia kumtukana mwishoni. Hapa nakueleza mchezo wa mdomo mtupu.

Kwanza ujue unamnyang’anya nini. Vituo vingi vya utapeli huu viko India, Kolkata ikiwa miongoni mwa miji iliyotajwa sana, na vinaendeshwa kama kiwanda. Mashine inapiga namba nyingi kwa mpigo; mtu akiitika ndipo inapomtafutia mfanyakazi aliye huru. Ule ukimya wa sekunde moja mbili baada ya “hello” yako unatokana na hilo. Anayekujia kwanza ni mtupa ndoana: anasoma maneno aliyoandikiwa, anakutia hofu, anakupitisha. Ukionekana umeiva, unakabidhiwa kwa “fundi mkuu” au “meneja”, na huyo ndiye mtoza fedha. Watupa ndoana ni wengi na ni wa bei rahisi. Watoza fedha ni wachache, na dakika wanazokaa na wewe hawawezi kukaa na bibi wa watu mwingine. Basi usimalize vituko vyako vyote kwa yule wa kwanza. Kwake uwe mtiifu, mwenye wasiwasi, mpole. Ukaidi na uziwi mwekee wa pili.

Kuna pia njia ya kinyume: skrini inajaa onyo jekundu, king’ora kinalia, na namba ya msaada imeandikwa hapo. (Onyo la kweli la Windows haliji na namba ya simu. Ukikutana nalo, shika kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa utoke kwenye skrini nzima, kisha Alt na F4 pamoja. Likikataa, Ctrl, Shift na Esc, ufunge kivinjari kutoka hapo, na ukikifungua tena usikubali kurudisha kurasa za awali.) Namba hizo mara nyingi huanza na 800, 888, 877, 866, 855, 844 au 833. Hizo ni namba ambazo mpigaji hatozwi, anayepokea ndiye anayelipia dakika. Ukimpigia tapeli kwa namba hiyo, hata muda wa kusubiri kwenye muziki yeye ndiye anaugharimia.

Sasa maandalizi, na hapa usiwe na haraka. Usitumie simu ya nyumbani wala namba yako ya mkononi. Namba iliyoitika na kuzungumza huthibitika kuwa hai, na simu zitaongezeka. Pata namba ya pili, uitumie kupigia zile namba za msaada za matapeli. Google Voice, huduma ya Google ya simu za intaneti, inatoa moja bure kwa mkazi wa Marekani. Wengi hudhani kutanguliza *67 kunatosha kuficha namba. Kwa simu ya kawaida ni kweli. Kwa zile namba za 800 na ndugu zake si kweli: mwenye kulipia simu anaoneshwa namba iliyompigia hata kama umeificha. Hapo wengi wamenaswa.

Tunga mtu. Mpe jina, umri wa miaka 78, mume marehemu, mjukuu anayeitwa mara kwa mara ambaye haji. Yaandike kwenye karatasi, kwa sababu dakika ya 35 utasahau kama mjukuu ni Juma au Hamisi, na mtoza fedha hasahau. Akidai namba nyingine ya kukupata, usibuni hovyo; namba ya kubuni ina mwenyewe. Marekani zimetengwa namba za hadithi, kuanzia 555-0100 hadi 555-0199, baada ya tarakimu zozote za eneo. Ndugu zetu walioko Uingereza wana zao: 07700 900000 hadi 07700 900999.

Anwani ya nyumba usitaje yoyote, ya kweli wala ya uongo. Si utani. Siku hizi matapeli wakishaambiwa “fedha taslimu ninazo” hutuma mtu kuja kuzichukua mlangoni, na anayetumwa pengine hajui lolote. Ohio, Machi 2024, mzee wa miaka 81 aliyekuwa akitishwa na matapeli kwenye simu alimpiga risasi na kumuua mwanamke dereva wa Uber aliyefika kuchukua kifurushi. Dereva naye alikuwa ameagizwa na matapeli walewale bila kujua kitu. Kwa hiyo hatua ya “njoo uchukue” haimo kabisa katika mchezo huu.

Sasa inua simu.

Atajitambulisha, kisha atakuuliza kama uko karibu na kompyuta. Haupo. Iko chumba cha juu, na goti linakusumbua. Mwombe asubiri, weka simu mezani, nenda ukakoroge chai. Dakika 3 ni salama, zikifika 5 watupa ndoana wengi hukata, kwa hiyo kila baada ya dakika moja na nusu piga kelele kutoka mbali: “Nakuja, baba, nakuja!” Kiswahili hicho kinafaa, kinamwonesha kuna mtu mzee kweli. Lakini usiongee Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Akiona hakuna Kiingereza cha kutosha atakata ndani ya sekunde kumi, maana hawezi kukutisha kwa lugha usiyoielewa. Kiingereza cha polepole, kikikatizwa na maongezi marefu ya Kiswahili na mjukuu asiyekuwepo, ndicho kinachokaa.

Kompyuta inawaka. Ni ya zamani, inachukua dakika 6. Halafu, bahati mbaya, inajisasisha: asilimia 27, usizime. Kisingizio hiki ni cha dhahabu kwa sababu tapeli anajua Windows hufanya hivyo na hakuna wa kuisimamisha. Msomee asilimia moja moja. Ikifika 94 irudi mwanzo kwa kujiwasha upya.

Baada ya hapo atakutaka ubonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R. Hapa mchezaji asiyejua kinachopaswa kutokea hugundulika, kwa hiyo kariri picha hii: kisanduku kidogo hufunguka chini kushoto, kina neno “Run” juu na mahali pa kuandika. Kabla ya kukifikia una mtaji mkubwa. Kibodi yako ina dirisha lipi? Umebonyeza R halafu dirisha. Umeyabonyeza kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Imetokea R tu kwenye barua ya kanisani au ya msikitini uliyokuwa ukiiandika, uifute? Dakika 8 hapo si ajabu.

Kwenye kisanduku atakutajia herufi za neno eventvwr, kwa mtindo wa “E kwa Elephant”. Andika kila anachosema. Akisema “E kwa Elephant”, wewe umeandika “elephant”. Ukimaliza, soma ulichonacho: elephant victor edward... Neno hilo hufungua daftari la matukio la Windows, na humo kila kompyuta ya Windows, hata isiyo na tatizo, ina alama nyekundu za hitilafu na za njano za tahadhari, mamia hata maelfu, nyingi zikiwa mambo madogo kama programu iliyochelewa kuwaka. Yeye atakuambia hizo ni virusi na atakuuliza unaona ngapi. Anataka useme “nyingi” ili aendelee. Usimpe. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ukifika 38 piga chafya, muulize mlikuwa mmefika wapi, anza upya.

Silaha yake ya pili ni amri ya assoc kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri. Mwishoni mwa orodha hutokea mstari wenye 888DCA60-FC0A-11CF-8F0F-00C04FD7D062. Atakwambia hiyo ni namba ya leseni ya kompyuta yako, ataisoma yeye kabla yako, na wewe ushangae: kaijuaje kama si wa Microsoft? Anaijua kwa sababu ni ileile katika kila Windows. Ni kitambulisho cha kipengele cha mfumo, wala hakihusiani na leseni. Uzuri wake ni kwamba hapa anahitaji neno moja tu kutoka kwako: “ndiyo, inalingana.” Mwambie ya kwako inaishia 026. Msisitize. Atakuomba uisome upya, herufi na tarakimu 32, na D yako iko karibu sana na B, na wewe umesahau miwani. Maneno aliyoandikiwa hayana mlango wa kutokea hapo. Wapo watakaojaribu kukushawishi kuwa 026 nayo ni sawa. Hao waulize basi leseni ya nani iliyo 062.

Wachezaji wapya hukosea kwa kufanya vichekesho. Kicheko humwamsha. Kinachomshika mtu ni matumaini kwamba amebakiza hatua moja. Kila dakika tano au sita mpe ushindi mdogo wa kweli: “Ah! Kimefunguka!” Tazama Lenny, sauti ya mzee iliyorekodiwa zamani katika vipande 16 ambayo hupokea simu za wauzaji na matapeli. Lenny haelewi chochote anachoambiwa. Husubiri ukimya, akatoa kipande kinachofuata, mara binti yake mkubwa, mara bata wanapiga kelele. Watafiti waliochambua simu zake mwaka 2017 walikuta wastani wa zaidi ya dakika 10 kwa simu, na waliogundua kuwa ni mashine walikuwa wachache mno. Novemba 2024 kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza ilitangaza bibi wa akili unde aitwaye Daisy, naye alikwishawashikilia baadhi ya matapeli hadi dakika 40. Wote wawili wanatumia adabu na upole, wala hawana haraka ya kufika popote. Hawachekeshi makusudi.

Punde au baadaye atataka uingize programu ya kumruhusu kuongoza kompyuta yako akiwa mbali: AnyDesk, TeamViewer, UltraViewer na nyingine za namna hiyo. Programu zenyewe ni halali, mafundi hutumia kila siku. Atakuomba namba ya utambulisho iliyotokea kwenye skrini. Kwa AnyDesk ni tarakimu 9 au 10. Usibuni namba kamili! Unaweza ukawa umemtajia kompyuta ya mtu mwingine, na mtu huyo akabonyeza “kubali”. Msomee tarakimu 8 na ushikilie kwamba ndizo zote. Akisema hazitoshi, msome tena ukizipanga makundi tofauti, mara mbilimbili, mara tatutatu, mpaka apoteze hesabu yeye.

Utaona watu wakishauri ufungue mashine pepe, kompyuta ndani ya kompyuta, kwa programu kama VirtualBox, umwache aingie humo. Ninakukataza. Kwa mpangilio wake wa kawaida mashine hiyo bado inaweza kufikia vifaa vingine vya mtandao wa nyumbani, ikiwemo kamera na diski ya picha. Ukiwa uliwasha ubao wa kunakili wa pamoja ukasahau kuuzima, nenosiri ulilonakili asubuhi liko mikononi mwake. Anaona anwani yako ya intaneti, inayotaja mtoa huduma na takriban mji. Na faida ni ndogo: akifungua orodha ya vifaa anaona jina la VirtualBox limeandikwa wazi, naye siku hizi hulitafuta. Kompyuta kuukuu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya mama ni mbaya zaidi. Zamani tapeli akiudhika alikuwa akiifunga Windows kwa syskey, nenosiri likadaiwa kila inapowaka. Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 toleo la 1709 mwaka 2017, lakini kufuta mafaili bado anaweza. Na kama unafikiria kuingia wewe kwenye kompyuta yake, hilo ni kosa la jinai Marekani, hata kama mwenye kompyuta ni mwizi.

Mtoza fedha akikosa kuingia, wengine hurukia malipo. Mbinu moja Mkenya yeyote anaijua ikiwa imevaa nguo nyingine. Anasema kampuni inafungwa, anakurudishia dola 300, halafu ghafla “umeandika sifuri mbili za ziada, umeingiziwa 30,000, nirudishie la sivyo nitafukuzwa kazi.” Ni binamu wa ule ujumbe wa “nimetuma kwa M-Pesa kimakosa, naomba unirudishie”. Kwa mwathiriwa wa kweli aliyemwachia kompyuta, tapeli huhamisha fedha za mwathiriwa mwenyewe kutoka akaunti ya akiba kwenda ya matumizi, au hubadili tarakimu zinazoonekana kwenye ukurasa wa benki kwa kitufe cha F12, ambacho hufungua zana ya kubadilisha sura ya ukurasa kwenye kompyuta hiyo tu. Ukiupakia upya salio la kweli linarudi. Wewe huna ukurasa wowote wa kufunguliwa, kwa hiyo usiingie undani wa benki. Atakapotaka kadi za zawadi, umefika dukani, kuna foleni, keshia ni rafiki wa binti yako na anataka kujua ni za nani. Kadi ya Apple ina herufi na tarakimu 16, ikianza na X; wewe yako ina 15. Namba ya kadi ya benki usitaje, hata ya mfano.

Njia nyepesi kuliko zote huwa haitajwi: miadi. Ukichoka, mwambie akupigie kesho saa nne asubuhi, mjukuu atakuwepo na kadi ya benki. Kipindi cha kiangazi Minneapolis ikiwa saa nne asubuhi, Kolkata ni saa mbili na nusu usiku, zamu yao ya kazi. Atapiga. Kesho yake mjukuu amechelewa basi. Siku ya tatu bado atapiga, na wewe umetumia dakika mbili tu.

Ukiona ametulia ghafla, anacheka na mwenzake, au anauliza maswali yasiyo kwenye mtiririko kama hali ya hewa ya kwenu leo, amekushtukia. Kata, au acha simu izime kana kwamba betri imekwisha. Usimwambie ulikuwa unamchezea. Tapeli aliyeudhika huweza kuiweka namba yako kwenye mashine ya kupiga mfululizo, au kuifanya ionekane kwenye simu za wengine anaowapigia, nao wakakurudia wewe na matusi. Kwa sababu hiyohiyo usipige namba iliyoonekana kwenye simu yako kwenda kutukana. Yumkini ni ya mtu asiyehusika.

Kurekodi: sheria ya Minnesota inatosheka na ridhaa ya mmoja wa wazungumzaji, yaani wewe. California na Florida hudai ridhaa ya wote, kwa hiyo anayesoma akiwa huko aangalie kwanza.

Andika saa, namba, jina la tovuti aliyokupeleka, na hasa akaunti ya benki au anwani ya bitcoin aliyokutaka utume fedha. Peleka kwa reportfraud.ftc.gov (tovuti ya tume ya biashara ya Marekani) na ic3.gov (ya FBI). Akaunti ya benki ipeleke pia kwa benki yenyewe, kitengo cha utapeli, siku hiyohiyo. Ikifungwa, umemuumiza kuliko saa tatu za chafya na miwani.

Mama asicheze. Hata wenye ufundi huteleza: Jim Browning, ambaye kazi yake ni kuwafichua matapeli hawa, Julai 2021 alidanganywa na mtu aliyejifanya msaada wa YouTube akafuta chaneli yake mwenyewe, ikaja kurudishwa baadaye. Kwa mama sentensi ni moja: “Subiri, mwanangu anakuja,” na kukata. Ikitokea siku moja amekwisha kumfungulia mtu, chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi kabla ya kumuuliza lolote, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, badilisha manenosiri ukitumia simu yako wala si kompyuta ile, na uisakinishe Windows upya kabla ya kuiunganisha tena. Tena watampigia baada ya wiki, wakijidai ni watu wa kumrudishia fedha alizotapeliwa. Aliyelipa mara moja huwekwa kwenye orodha, na orodha hizo huuzwa.